Kuvua besi kwenye gugu maji la Naivasha: mshipi kwanza, chambo baadaye

Kisiwa cha gugu maji ulichokiona jana jioni mbele ya ufuko wa Kamere, leo asubuhi hakipo. Upepo wa alasiri umekisukuma ng'ambo, na mahali pake pamebaki maji matupu na mabua mawili matatu ya mafunjo yaliyong'oka. Anayekuja Naivasha kutafuta besi akiwa na maelekezo ya "pale penyewe" aliyopewa na rafiki wiki iliyopita atazunguka na mashua mpaka petroli imwishie. Kila asubuhi hapa ni lazima uyasome majani upya, kisha majani ndiyo yakuambie mshipi gani ufunge, na mshipi ukuambie chambo gani unaweza kurusha. Wengi wetu tulianza kinyume. Tulinunua chambo chenye rangi za kupendeza, tukakifunga kwenye nailoni yoyote iliyokuwa kwenye rili, tukakiacha ndani ya majani pamoja na samaki.

Besi ninayemzungumzia ni yule wa mdomo mpana, samaki wa Marekani aliyepandwa katika ziwa hili mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa starehe. Wengi Naivasha humwita blakbas. Mimi nitaandika besi, maana nikiandika basi utadhani nazungumzia gari la kwenda Nakuru. Ni samaki wa kuvizia. Hakimbizi chakula mwendo mrefu. Hujibanza kivulini, hungoja, kisha hufungua mdomo ule mkubwa ghafla na maji huingia pamoja na mlo. Tangu mwaka 1970, kreifishi wekundu wa Louisiana (kamba wa maji baridi wenye magando) walipoingizwa ziwani, mlo wake mkubwa umekuwa hao. Gugu maji lenyewe lilionekana mwaka 1988. Kwa hiyo ukitazama vizuri, Mmarekani anamla Mmarekani chini ya jani la Amerika Kusini, na wewe uko Bonde la Ufa, mita karibu 1,890 juu ya usawa wa bahari, unatafuta namna ya kumfikia.

Hatua ya kwanza: yasome majani kabla hujafungua kisanduku

Usifunge chochote kwa dakika kumi za mwanzo. Zima injini mbali kidogo, acha mashua itulie, utazame. Naivasha ina vizuizi vya aina tatu ambavyo kwa macho ya mgeni vyote ni "nyasi", lakini kwa mshipi ni vitu tofauti kabisa.

Mafunjo husimama. Bua lake lina pembe tatu, gumu, na linapoanguka huelea na kufanya kibanda juu ya maji. Besi hukaa chini ya kibanda hicho, kichwa kikielekea nje. Hapa huhitaji kutoboa kitu. Unahitaji kufika karibu sana na ukuta, kwa upole, na baadaye kumtoa samaki kabla hajazungusha mshipi kwenye mabua mawili.

Gugu maji huelea. Mizizi yake huning'inia kama ndevu nyeusi, na ukiinua mche mmoja ukautikisa ndani ya mashua utaona wadudu, konokono wadogo na mara nyingine kreifishi mchanga. Hiyo ndiyo jikoni. Lakini tahadhari na zulia kubwa: katikati yake mwanga haufiki majini, majani yaliyokufa yanaoza, na hewa ya oksijeni hupungua mno. Samaki hakai mahali asipoweza kupumua. Ukikuta zulia lenye ukubwa wa uwanja wa mpira, achana na katikati yake. Fanya kazi kwenye mita moja au mbili za pembeni, kwenye pembe, kwenye mapengo, na pale zulia linapogusana na mafunjo. Vipande vidogo, vya ukubwa wa meza hadi chumba, ni vizuri kuliko mazulia, na kilicho bora kuliko vyote ni kipande kilichokwama mahali kwa siku kadhaa. Utakitambua kwa urahisi: maua yameanza kufunguka upande mmoja na ndege wamezoea kutembea juu yake.

Cha tatu ni migunga iliyozama. Maji yalipopanda sana miaka ya 2019 na 2020 yaliimeza miti ya ukingoni, ikafa imesimama. Gugu maji hukwama kwenye matawi hayo, na ukichungulia chini ya majani laini unakuta mbao ngumu zenye miiba. Huo ni mtego wa mshipi, na tutaurudia.

Majani yanayoota chini ya maji yapo pia mahali maji yanapokuwa safi, ila si kama zamani. Kreifishi waliyatafuna vibaya. Ndiyo maana mafundisho mengi ya Kimarekani kuhusu "kuvua juu ya nyasi za chini" hayana kazi kubwa hapa.

Hatua ya pili: mshipi

Hapa ndipo nitakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea.

Rekodi ya dunia ya besi huyu ni kilo 10 na kidogo. George Perry alimvua mmoja wa uzito huo Georgia, Marekani, mwaka 1932, na Manabu Kurita akaifikia rekodi hiyo katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Kwa hiyo hakuna besi wa kilo 29 popote duniani. Mbona basi mtu akuambie ufunge mshipi wa paundi 65, yaani unaobeba kilo 29 kabla ya kukatika, kwa samaki ambaye akifika kilo mbili utapiga picha? Kwa sababu humwinui samaki peke yake. Besi akishadona hurudi nyuma ndani ya majani, hujifunga shuka la mizizi, na unachokokota ni mzigo wa gugu maji lililojaa maji, samaki akiwa ndani kama tende kwenye kapu. Mshipi unachaguliwa kwa uzito wa jani.

Kuna mishipi ya aina tatu madukani.

Nailoni ya kawaida ndiyo rahisi na ndiyo iliyozoeleka. Kasoro yake kwenye majani ni kwamba inavutika. Ukiwa umerusha mita ishirini na ukakita ndoana kwa nguvu, sehemu ya nguvu hiyo inaishia kwenye kunyumbuka kwa mshipi, na ncha ya ndoana inamgusa samaki kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Kwa maji ya wazi, kunyumbuka huko ni faida. Kwenye gugu maji ni hasara tupu. Nilijifunza hivyo kwa kupoteza samaki watatu asubuhi moja na nailoni ya paundi 20 ambayo muuzaji aliniapia inatosha hata papa. Haikukatika, hilo ni kweli. Ila ndoana haikuingia.

Mshipi wa kusokotwa, ambao wauzaji huuita breidi, hauvutiki karibu hata kidogo. Huelea, jambo linalofaa ukivua juu ya majani. Na una sifa moja ambayo huwezi kuiona dukani: ukikaza, nyuzi zake hukata bua laini la gugu maji kama kisu cha kukatia mkate. Nailoni hulipinda bua, breidi hulipasua. Wembamba wake nao unashangaza. Breidi ya paundi 50 ina unene wa takriban milimita 0.36, sawa na nailoni ya paundi 12 hivi, na ya paundi 65 ni takriban milimita 0.40.

Florokaboni huzama, ni ngumu dhidi ya kukwaruzwa, na huonekana kwa shida majini kwa sababu hupinda mwanga karibu sawa na maji yenyewe. Ni mshipi mzuri wa maji safi na wa miti iliyozama. Usiufunge kwenye chura wa mpira, chambo kinachovutwa juu ya maji. Utamvuta pua chini na atatembea kama amelewa.

Uchaguzi wangu ni huu. Kwa chura juu ya zulia, na kwa kuchunguza mapengo ya gugu maji, breidi ya paundi 50 hadi 65. Kwa kutoboa zulia zito kwa chubwi kubwa, 65, na wengine hupanda hadi 80. Kwa ukuta wa mafunjo maji yakiwa ya tope, breidi ya 50 inatosha. Maji yakiwa safi asubuhi tulivu, florokaboni ya paundi 20. Kwa migunga iliyozama, florokaboni tena. Usidanganywe na nguvu ya breidi: ikibanwa dhidi ya tawi kavu huuma ndani ya mti na kukwama, na ikikwaruzwa na gamba huchanika uzi mmoja mmoja bila wewe kujua. Maji yakipungua unaona uchafu wa nyuzi za kijani umezungushwa kwenye vigogo, ushahidi wa waliobisha.

Kama mfuko unaruhusu spuli moja tu, nunua breidi ya paundi 50 ya kijani iliyokolea, usijute. Ipo nyeupe na ipo ya njano pia. Ukipata ya njano kwa bei nafuu, paka mita mbili za mwisho kwa kalamu nyeusi ya wino usiofutika. Samaki ndani ya majani hana muda wa kuukagua mshipi, lakini kwenye pengo la maji safi anaweza kuuona.

Kabla ya kuzungusha breidi kwenye rili, funga kwanza mizunguko kumi au kumi na tano ya nailoni chini yake. Breidi ikifungwa moja kwa moja kwenye chuma laini huteleza yote kwa pamoja: unazungusha mkono, spuli inazunguka, mshipi umesimama pale pale. Wengi huirudisha rili dukani wakidhani imeharibika. Ukiizidisha nailoni hiyo, ujazo wake pia unakuokolea pesa, maana huhitaji mita 200 za breidi kumvua samaki aliye mita kumi kutoka mashuani.

Hatua ya tatu: fimbo na rili, kwa kifupi

Fimbo iwe ya mita 2.1 hadi 2.3, ngumu chini, na ncha inayonyumbuka kiasi cha kurushia. Rili ya ngoma ya juu ni bora kwa breidi nene. Rili ya pembeni yenye ukubwa wa 4000 inafanya kazi, usiache kuvua kwa sababu ya rili. Kaza breki hadi karibu mwisho. Hapa hatumchezeshi samaki. Akipewa mita moja ya mshipi, anaitumia yote kwenda kujifunga.

Hatua ya nne: chambo

Sheria ya kwanza ya chambo kwenye majani ni kwamba ncha ya ndoana isiwe wazi. Chochote chenye ndoana za pembe tatu zinazoning'inia kiache nyumbani, hata kama kwenye picha kinapendeza kiasi gani. Sheria ya pili: umbo liwe laini na lisilo na vikwapa vya kunasa. Baada ya hapo, swali ni moja tu: unataka kupita juu ya jani, kando yake, au ndani yake?

*Juu ya jani.* Chura wa mpira mwenye tumbo tupu ndiye mfalme. Ndoana zake mbili zimelala mgongoni, zikikumbatia mwili. Samaki akimbana mdomoni, tumbo linabonyea na ncha zinatokea. Mnunue aliye laini. Mbonyeze kwa vidole viwili dukani: kama ncha hazitokezi kwa urahisi, samaki naye hatazitoa. Nyumbani, pinda ndoana zote mbili juu kidogo kabisa kwa koleo, digrii tatu nne tu, usizidishe zisije zikaanza kuokota majani. Punguza miguu yake ya nyuzi, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine kwa kama sentimita moja na nusu, na atayumba kushoto kulia anapovutwa kwenye pengo. Kama zulia ni nene na chura hapimi uzito wa kutosha kulibonyeza, ingiza shanga mbili au chubwi dogo kwenye tumbo lake kupitia tundu la ndoana. Chura mwepesi juu ya gugu maji nene ni kama kuku juu ya godoro; samaki chini hajui yupo.

Gugu maji lina tabu ambayo mayungiyungi hayana: majani yake yamesimama, hayakulala. Chura hatelezi bali huruka kutoka jani hadi jani na kutumbukia katikati. Kwa hiyo usimkokote mwendo wa moja kwa moja. Mvute hadi tundu, mwache atulie, mtikise mara tatu nne pale pale bila kumsogeza, kisha mtoe aende tundu la pili. Samaki wengi wanaokuja kwa chura hapa huja akiwa amesimama.

*Kando ya jani.* Hii ndiyo njia inayolisha siku ikiwa mbovu. Kamata mpira wa umbo la kreifishi au mnyoo wenye urefu wa sentimita 10 hivi, ufunge kwa mtindo wa Texas: chubwi lenye umbo la risasi ya bunduki juu, ndoana pana ya saizi ya 3/0 au 4/0 chini, ncha ikiwa imerudishwa na kufichwa kwenye ngozi ya mpira. Uzito wa chubwi ni gramu 7 hadi 14. Lililo jepesi hushuka polepole na samaki hupata muda wa kulitazama. Lililo zito hupenya haraka kabla mawimbi hayajasukuma mashua juu ya shabaha yako. Anza na jepesi asubuhi, ongeza upepo ukiamka.

Jigi, yaani ndoana yenye uzito kichwani, iliyo na vizuizi vya nywele za plastiki hufanya kazi ile ile na hufanana zaidi na kreifishi, hasa ikivaa sketi ya kahawia na nyekundu nzito. Ila nywele zile huwa nyingi mno zinapotoka dukani. Kata robo yake. Spina yenye mabamba yanayometa ipitishe sambamba na ukuta wa mafunjo maji yakiwa na tope. Ni chambo cha kutafutia samaki, si cha kumbembeleza.

*Ndani ya jani.* Kutoboa zulia ni sanaa iliyokomaa Florida na Alabama, katika maziwa kama Okeechobee na Guntersville. Kule Guntersville majani mengi yana mizizi chini kabisa. Juu yamejilaza kama blanketi, na chini ya blanketi kuna chumba wazi. Unatoboa paa, unaangukia sebuleni. Zulia letu limejengwa kinyume: paa ndilo lenye mizizi, na likiwa kubwa sebule haina hewa. Kwa hiyo ninatoboa tu vipande vidogo, au mita ya kwanza ya zulia, au pale migunga iliyokufa imelishikilia gugu maji na kuacha nafasi chini.

Vifaa vyake ni hivi. Chubwi la gramu 28 hadi 42, la tangsteni ukiweza. Tangsteni ni nzito kuliko risasi kwa ujazo ule ule, karibu mara moja na robo tatu, kwa hiyo chubwi linakuwa dogo na linapita tundu dogo. Bei yake inauma, sikufichi. Juu ya chubwi weka kizuizi kidogo cha mpira kwenye mshipi ili lisiachane na chambo: likishuka peke yake, chambo hubaki juu kimelala kwenye majani na wewe chini unamtikisia samaki kipande cha chuma. Ndoana iwe nene, ya shina lililonyooka, 4/0. Chambo kiwe kifupi na kizito, bila mikono mirefu ya kupepea. Mikono hiyo hushika mizizi. Kirushe juu kidogo, kianguke wima. Kikipenya, kiache kifike chini, kiinue mara moja, mara mbili, kisha kitoe. Usikae pale. Samaki wa chini ya zulia hudona katika sekunde tatu za mwanzo au hadoni kabisa.

Kuhusu rangi nitakuwa mfupi kuliko watengenezaji wanavyotaka niwe. Juu ya majani, samaki anaona kivuli dhidi ya anga: nyeusi. Ndani na kando, kahawia, kijani cha malenge na wekundu wa kreifishi. Maji ya tope baada ya mvua, nyeusi yenye buluu. Nimekutana na watu wenye rangi thelathini kisandukuni na mshipi mmoja mbovu.

Hatua ya tano: fundo

Mafundo mengi ya nailoni huteleza kwenye breidi. Fundo la Palomar haliniangushi. Kunja mshipi mara mbili, kama sentimita 15. Pitisha kitanzi kwenye jicho la ndoana. Kwa kitanzi hicho na mshipi uliobaki funga fundo la kawaida, legevu, usilikaze. Sasa pitisha ndoana nzima, au chura mzima, ndani ya kitanzi. Lowesha kwa mate, kisha vuta ncha zote mbili pamoja mpaka likae juu ya jicho. Acha mkia wa nusu sentimita. Kabla hujarusha, ning'iniza ndoana kwenye kitu kisichovunjika na uvute kwa mkono uliofungwa kitambaa. Kitambaa ni lazima. Breidi ikikazwa hukata kidole kama inavyokata bua.

Ukivua kwenye miti iliyozama kwa florokaboni, fundo hilo hilo linafaa, ila liloweshe vizuri zaidi. Florokaboni ikikazwa kavu huungua kwa msuguano na kudhoofika mahali usipopaona.

Hatua ya sita: akidona

Hapa chura na chambo cha kuzama vinatengana. Kwa chura, maji yakilipuka usikite. Najua mkono unataka. Besi mara nyingi hupiga jani pamoja na chura, akamkosa kinywani. Shusha ncha ya fimbo, zungusha rili uondoe ulegevu, subiri uusikie uzito, ndipo kita kwa mwili mzima. Mzee mmoja anayeendesha mashua kule Karagita alinifundisha kusema "mama yangu" kimya kimya kabla ya kukita. Ukimaliza kusema, samaki ameshageuka na chura. Akikosa kabisa, usimvute chura. Mwache pale, mtikise kidogo. Au tupa chambo cha kuzama kwenye tundu lile lile mara moja, na ndiyo maana fimbo ya pili hukaa tayari miguuni.

Kwa chambo cha kuzama ni kinyume: ukihisi mguso, au mshipi ukihama upande bila wewe kuuhamisha, kita papo hapo. Mpira una ladha ya mpira, na samaki si mjinga.

Akishaingia ndoana, sekunde mbili za kwanza ndizo zote. Inua kichwa chake, zungusha, usipumzike. Akijikita kwenye mizizi, usivutane naye kwa mbali mpaka tundu la ndoana lipanuke mdomoni. Shikilia mshipi ukiwa umekaza na umwambie nahodha apeleke mashua juu yake. Kisha ingiza mikono yote miwili, toa kapu zima la majani, umtafute ndani. Mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba. Meno yake ni kama msasa, hayaumi. Kama ni mzito, mshikie na tumbo kwa mkono wa pili.

Kiboko, leseni na mabaki

Pengo zuri kuliko yote katika ukuta wa mafunjo, safi, pana, lenye maji ya kutosha, mara nyingi limefunguliwa na kiboko. Samaki wanalipenda. Na yeye bado analitumia. Usiizibe njia hiyo kwa mashua, usiingie ndani yake kufuata chambo kilichonasa, na usivue kwa miguu ukingoni alfajiri au jioni. Viboko wa Naivasha wameua watu, wavuvi wakiwemo. Kama chambo kimekwama ndani ya njia yake, kata mshipi uende. Nahodha wa pale akisema tuondoke, hajachoka, ameona mapovu.

Pata leseni ya uvuvi wa starehe kwenye ofisi ya uvuvi kabla ya kuingia majini, na uulize siku hiyo hiyo kuhusu misimu ya kufunga ziwa. Waepuke wenzako wenye nyavu: maboya madogo yaliyopangwa mstari ni wavu wa mtu, na chura wako akinasa humo, mfungue kwa mkono, usiukate wavu.

Breidi haiozi. Kipande cha mita mbili kikiachwa kwenye mafunjo kinamngoja furukombe au mnandi. Mimi hubeba chupa ya maji iliyotoboka kifuniko na kusokota vipande vyote humo. Kila baada ya samaki, pitisha mita ya mwisho ya mshipi kati ya kucha mbili. Ukihisi manyoya au mkwaruzo, kata na ufunge upya, hata kama samaki wanadona na mkono una haraka.

Upepo wa Naivasha huanza kusumbua mchana, na mazulia huanza kutembea tena. Wakati huo mimi hugeuka. Ukifika nyumbani, mkamue chura maji yote ya tumboni na umwache nje ya kisanduku usiku kucha akiwa ameelekezwa mdomo chini. Ukimfungia akiwa amelowa, ndoana zitashika kutu kwa ndani ambako huoni, na samaki wa safari ijayo ndiye atakayekuonyesha.